Picha Safi, Ruhusa, Kisha Msiba

Kuna sentensi moja ambayo ningekuwa na madaraka ningeipiga marufuku kuanzia Mutukula hadi kisiwa cha mwisho cha Muleba. Sentensi yenyewe ni hii: "Ultrasaundi iko safi, nenda nyumbani."

Si kwamba ni ya uongo. Ultrasaundi inaweza kweli kuwa safi. Ninachogombana nacho ni hayo maneno mawili ya mwisho, kana kwamba picha safi ni cheti cha uzima. Kwa mtu aliyepigwa tumboni na usukani wa pikipiki, na teke la ng'ombe, na ukuta ulioanguka au na buti la mumewe, picha safi ya saa ya kwanza haina maana kwamba amepona. Ina maana moja tu: mpaka sasa hatujaona damu nyingi. Basi. Mengine yote bado hatuyajui, na anayejifanya anayajua anacheza kamari na roho ya mtu.

Chukua mfano huu. Nimeutunga mwenyewe, lakini hakuna hata kipande chake kimoja kigeni. Kijana wa miaka 24, dereva wa bodaboda, anatoka Kemondo jioni amebeba abiria na mkungu wa ndizi. Karibu na Muhutwe gari dogo linamkatia mbele. Mkono wa usukani unamchoma tumboni, karibu na kitovu. Hakuna damu. Anasimama, anajipangusa vumbi, na kitu cha kwanza anachokagua ni pikipiki, kwa sababu ni ya mkataba na tajiri anasubiri hesabu yake. Wenzake wanamlazimisha aende kupimwa. Presha nzuri. Tumbo linauma kidogo tu. Ultrasaundi haionyeshi damu. Anapewa vidonge vya maumivu, anaambiwa nenda nyumbani.

Usiku anakunywa uji, anautapika. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto. Jioni tumbo limejaa, hajatoa hata upepo. Usiku wa pili homa. Siku ya tatu anarudishwa akiwa amebanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, tumbo gumu kama ubao, mapigo ya moyo yanakimbia, midomo mikavu. Anapasuliwa. Ndani wanakuta usaha, na utumbo mwembamba una tundu ambalo ungeweza kuliziba kwa ncha ya kidole. Tundu hilo halikutokea jana. Lilikuwepo tangu Muhutwe.

Akifa, msibani watanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Na mimi nasema upo kweli, ila si ule wanaoufikiria wao. Ni mkono ambao haukurudi kuligusa lile tumbo mara ya pili.

Sasa tuelewane kwanza tunazungumzia nini, maana huwezi kulaumu kitu usichokijua kinavyofanya kazi. Tumboni mna vitu vya aina mbili. Kuna viungo vilivyojaa nyama na damu kama ini na wengu. Hivi vikipasuka vinamwaga damu, presha inashuka, mtu anapauka, kila mmoja anakimbia. Ni kifo chenye kelele. Halafu kuna viungo vilivyo kama mipira ya maji, yaani tumbo la chakula na utumbo. Hivi vikipata pigo butu vinaweza kubanwa kati ya usukani na uti wa mgongo vikasagika, au vikafungwa pande zote mbili kwa sekunde moja na kupasuka kama puto, au vikachanika pale ambapo utumbo unaotembea unakutana na sehemu iliyoshikizwa. Utumbo ukitoboka hautoi damu nyingi. Unavujisha. Na kinachovuja kutoka utumbo mwembamba wa juu, tofauti na asidi ya tumboni ambayo huchoma papo hapo, hakina ukali mkubwa mwanzoni wala hakina bakteria wengi. Kwa hiyo saa za kwanza mgonjwa anaweza kukaa, kuongea, hata kutania. Ni kifo cha kimyakimya.

Kisha bakteria wanaongezeka, ule utando laini unaofunika matumbo unawaka moto, na hapo ndipo tumbo linaanza kukaza. Madaktari wanaita peritonaitisi. Dalili hizo zinaweza kuchukua saa kadhaa, wakati mwingine nusu siku au zaidi, kujitokeza waziwazi. Ipo na namna mbaya zaidi: pigo halitoboi utumbo bali linachana ule mshipi unaoupelekea damu. Kipande cha utumbo kinakufa taratibu na kutoboka baada ya siku kadhaa, wakati mgonjwa ameshasahau ajali yenyewe.

Kwa hiyo swali "anaumwa au haumwi?" likiulizwa mara moja, saa ya kwanza, ni swali bovu. Swali zuri ni "anaelekea wapi?" Na huwezi kujua mtu anaelekea wapi kwa kumwangalia mara moja. Hata mtoto wa darasa la nne anajua kwamba mstari unahitaji nukta mbili.

Mtaniuliza, haraka ya nini? Jibu ninalo kwa tarakimu. Mwaka 2000 madaktari wa upasuaji wa Marekani wakiongozwa na Samir Fakhry walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 198 waliopata majeraha ya utumbo mwembamba kwa pigo butu. Waliwapanga kwa muda uliopita kabla ya kupasuliwa, wakiwaangalia wale ambao jeraha la utumbo ndilo lilikuwa kubwa kuliko mengine. Waliopasuliwa ndani ya masaa 8, walikufa kama 2 katika kila 100. Kati ya masaa 8 na 16, kama 9. Kati ya 16 na 24, kama 17. Waliocheleweshwa zaidi ya siku nzima, kama 31 katika kila 100. Soma tena polepole. Hospitali zile zile, madaktari wale wale, nchi yenye kila kitu. Kilichobadilika ni saa ya ukutani tu. Sasa tuchukue saa hiyo tuitundike Muleba tuone.

Hapa ndipo mashabiki wa mashine huniambia: kijana, dawa ni vifaa. Nunueni CT, mambo yataisha. Na kweli, kati ya picha zote CT ndiyo bora kwa kazi hii, wala mimi si mpinzani wa mashine. Mwaka 2021, serikali ilipopata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wakati wa UVIKO, sehemu ya fedha ilikwenda kununulia mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Lilikuwa jambo jema na nililifurahia. Lakini Fakhry huyo huyo na wenzake walirudi mwaka 2003 na uchunguzi mkubwa zaidi, uliokusanya kumbukumbu za majeruhi zaidi ya 275,000. Kati ya wagonjwa ambao baadaye ilithibitika utumbo wao ulikuwa umetoboka, asilimia 13 walikuwa na picha ya CT isiyo na kasoro yoyote. Watu 13 katika 100, utumbo una tundu, picha safi! Mashine za leo zinaona vizuri kuliko za wakati ule, sikatai. Bado hakuna mtu mwenye akili zake atakayekuambia CT safi inafuta tumbo linalouma.

Kama CT inadanganywa, hiyo ultrasaundi ya kituo cha afya itakuwaje? Kipimo cha haraka cha ultrasaundi kwa majeruhi kilibuniwa kutafuta maji na damu iliyomwagika. Kinahitaji kiasi cha kuonekana, kama robo lita hivi, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Kumtaka akuonyeshe tundu la milimita tano kwenye utumbo uliojaa hewa ni kumtuma kipofu akakusomee gazeti. Eksirei ya kifua mgonjwa akiwa amesimama inaweza kuonyesha hewa chini ya kiwambo, na ikionekana mpasue. Isipoonekana hujajua kitu, maana wengi waliotoboka utumbo mwembamba kwa pigo hawana hewa hiyo. Kuna kipimo cha zamani kilichoelezwa Marekani mwaka 1965: unaingiza mrija mdogo chini ya kitovu, unamimina maji ya dripu, unayarudisha, unayaangalia na kuyapeleka maabara. Ukikuta damu nyingi, uchafu wa utumbo au chembe nyeupe kupita kiasi, jibu umelipata. Ni cha bei ndogo na kinahitaji mikono iliyofundishwa na hadubini. Hata hicho ukikifanya mapema mno kinaweza kukudanganya, kwa sababu chembe nyeupe hazijapata muda wa kukusanyika.

Mnaona kinachojirudia? Kila kipimo kinashindwa kwa sababu ile ile. Mwili haujamaliza kusema. Hakuna mashine inayoweza kusikia neno ambalo halijatamkwa.

Kinachobaki ni kitu ambacho hakikatiwi utepe na kiongozi yeyote. Mkono. Mtu yule yule, tabibu au daktari au muuguzi mwenye ujuzi, anarudi kitandani baada ya saa mbili, baada ya nne, usiku, alfajiri. Anauliza maumivu yamehama au yamezidi. Anabonyeza pole pole akianzia mbali na panapouma. Anamwambia mgonjwa akohoe aone uso wake unavyokunjamana. Anahesabu mapigo ya moyo. Anapima joto. Anatazama kama mkojo unatoka. Kisha anaandika, na hili ndilo tunalolidharau kuliko yote. Mapigo 84, saa mbili usiku. Mapigo 96, saa sita. Mapigo 118, saa kumi alfajiri. Tarakimu hizo tatu kwenye faili zinapiga kelele kuliko mashine ya mamilioni. Zisipoandikwa, wa zamu ya asubuhi anaanza upya kama vile mgonjwa kaingia sasa hivi, na saa nane za dhahabu zimeshaliwa na panya.

Zipo pia alama ambazo mwili unazichora bure. Mchubuko wa mstari tumboni pale mkanda wa gari ulipobana. Duara dogo la mkono wa usukani kwenye tumbo la mtoto aliyeanguka na baiskeli, hata kama anacheza. Maumivu ya mgongo baada ya ajali ya gari, kwa sababu kinachovunja uti wa mgongo wa kiunoni kwa kuukunja mbele juu ya mkanda kinaweza kuwa kimesaga na utumbo uliokuwa katikati. Ukiziona alama hizi, huyo mtu halali kwake leo. Hakuna mjadala.

Kuna na mgonjwa ambaye hatakuambia ukweli. Mama anayekuja akisema ameanguka kisimani. Mtuhumiwa wa wizi aliyepigwa na wananchi. Hawa hawana ajali ya kuandika kwenye daftari, hawana mashahidi, wana tumbo tu linalouma na hadithi isiyokaa sawa. Tukiwapima kwa hadithi zao tutawazika. Tumbo lipimwe kwa tumbo.

Anayedhani haya ni ya maskini wa vijijini akumbuke Houdini, yule mwanamazingaombwe aliyejulikana dunia nzima kwa kujifungua minyororo. Oktoba 1926 akiwa Montreal, mwanafunzi mmoja alimpiga ngumi kadhaa za tumbo. Maumivu yakaanza, naye akayavumilia kama mwanaume anavyofundishwa kuvumilia. Siku mbili baadaye akapanda jukwaani Detroit akiwa na homa ya nyuzi 40. Walipompasua, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na uchafu umesambaa. Alikufa tarehe 31 Oktoba, umri miaka 52. Mpaka leo wanabishana kama ngumi ndizo zilizokipasua au zilimfanya tu adhani maumivu ya ugonjwa ni maumivu ya ngumi. Kwa hoja yangu yote mawili yanatosha. Alikuwa na pesa, alikuwa na umaarufu, na wakati ule dawa za antibaiotiki hazikuwepo. Sisi tunazo. Udhuru wetu ni upi?

Turudi nyumbani. Sisi watu wa Bukoba tunajisifu kwa usomi mpaka nchi nzima imetubandika jina la nshomile. Haya, nshomile, mtu akipigwa tumboni tunafanya nini? Tunamkanda kwa maji ya moto. Tunamlazimisha anywe uji apate nguvu, au maziwa, na wapo wanaompa rubisi atulie. Utumbo uliotoboka unamiminiwa uji! Kila bakuli linapita kwenye lile tundu na kumwagika mahali ambapo halitakiwi kufika. Asiyejua jeraha lililomo ndani asikande na asilishe. Alazwe, apelekwe. Na kabla hajaguswa na mganga wa hospitali, utasikia swali la PF3. Karatasi hiyo ya polisi ina kazi yake mahakamani, sibishi. Lakini PF3 haijawahi kuziba tundu la utumbo hata siku moja. Ndugu mmoja aende polisi, mgonjwa aende kitandani, vyote kwa wakati mmoja.

Halafu iko jiografia, na hapa ndipo masaa 8 yanapogeuka kuwa kitu kidogo sana. Muleba si kiganja cha mkono. Ina Kamachumu na Nshamba milimani, ina barabara kuu, na ina visiwa kama Bumbire, Goziba na Ikuza ambako mvuvi akibanwa na mtumbwi dhidi ya gogo inabidi kwanza asubiri chombo na hali ya ziwa. Kwa bahati nzuri wilaya ina hospitali za siku nyingi zilizozoea kupasua, Rubya ya Wakatoliki na Ndolage ya Walutheri. Bukoba mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, kama kilometa 70 kutoka Muleba mjini. Juu yake kuna Chato, hospitali ya kanda iliyoanza kazi 2021, na Bugando ng'ambo ya Mwanza. Ukiipima kwa gari, safari ya Muleba hadi Bukoba inaingia ndani ya masaa 8 na chenji inabaki. Kinachokula masaa si lami. Ni uamuzi. Mgonjwa analala kwanza mpaka kesho, kesho anasubiri mtu wa picha, mtu wa picha akija anasubiri majibu, majibu yakiwa safi anarudishwa kwake, na akizidiwa ndipo gari la wagonjwa linatafutiwa mafuta. Tumezoea kusema "rufaa ilichelewa" kana kwamba rufaa ni basi la abiria lililopata pancha njiani. Rufaa haichelewi yenyewe. Inacheleweshwa.

Najua majibu yanayokuja, acha niyawahi.

La kwanza: wewe si daktari, usitufundishe kazi. Kweli mimi ni mwandishi. Lakini ninayoyasema hapa si uvumbuzi wangu, yamo kwenye mafunzo ya upasuaji duniani kote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018 kozi ya huduma za msingi za dharura, iliyotengenezwa makusudi kwa mahali pasipo na vifaa vingi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ilikojaribiwa. Msisitizo wake ni ule ule: gusa, angalia, tibu, kisha rudia. Elimu ipo. Kinachokosekana ni mazoea.

La pili: wahudumu ni wachache, wodi zimejaa. Hili ni kweli tupu na serikali inapaswa kusemwa kwa ukali mpaka iajiri. Ila tupige hesabu. Kumrudia mgonjwa ni dakika tano na kalamu. Kumpasua siku ya tatu, kumsafisha usaha, kumtoa utumbo nje ya ngozi, kumlaza wiki nne na antibaiotiki za bei mbaya, kumpasua tena... hiyo ndiyo inayomaliza wahudumu. Uchache wa watu ni sababu ya kupima mapema. Haujawahi kuwa sababu ya kutopima.

La tatu: majeraha haya ni nadra, mbona unapiga kelele? Nadra kweli. Katika ule uchunguzi wa 2003 utumbo mwembamba uliotoboka ulipatikana kwa majeruhi wasiofika 3 katika kila 1,000. Lakini huo unadra ndio mtego wenyewe! Tabibu anaona majeruhi mia mbili wenye tumbo linalouma kidogo, anawaruhusu wote, wote wanapona, naye anajifunza somo la uongo kwamba ruhusa haina madhara. Anakuja wa mia mbili na moja. Utaratibu hauwekwi kwa ajili ya wale mia mbili. Unawekwa kwa ajili ya huyo mmoja ambaye hatumjui ni yupi.

La nne: tukimpa dawa ya maumivu tutaficha dalili. Hii ni imani ya zamani. Tafiti zilizokusanywa na kupitiwa upya kuhusu maumivu makali ya tumbo hazikuona kwamba dawa za maumivu zinaongeza makosa ya utambuzi. Mpe mgonjwa nafuu, kisha mrudie. Kinachoficha dalili si sindano. Ni kutokuwepo kwako.

Sasa niwageukie wenzangu wa kalamu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera Jumamosi alasiri. Kuta za matofali zikawaangukia watu. Taarifa za mwanzo zikasema 17 wamekufa na zaidi ya 200 wamejeruhiwa, na vichwa vya habari vikahamia kwenye michango na mabati. Ukuta juu ya tumbo ni pigo butu kama lilivyo pigo la usukani, na majeruhi zaidi ya 200 ni matumbo zaidi ya 200 ya kufuatilia. Vyumba vya habari viliipenda ile tarakimu ya kwanza kwa sababu ilikuja ikiwa imeiva. Ndivyo zinavyoandikwa na ajali zetu zote za barabarani: wawili wafa papo hapo, watano majeruhi, hali zao zinaendelea vizuri. Nani anarudi baada ya wiki kuuliza kama wale watano wanaendelea vizuri kweli? Kwa takwimu za kimataifa, aliyekufa ndani ya siku 30 kwa sababu ya ajali ni marehemu wa ajali. Kwenye kurasa zetu, ukifa siku ya nne umekufa kwa tumbo. Na kifo kisichohesabiwa hakimsumbui mtu. Hakuna anayeitwa kikaoni kujieleza.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na sioni hata moja linalohitaji mkopo wa IMF. Kila aliyepata pigo la tumbo na ana maumivu akibonyezwa, alazwe masaa 24, picha iwe safi isiwe safi. Arudiwe kila baada ya saa chache, ikiwezekana na mtu yule yule, na iandikwe kwenye karatasi moja inayokaa kitandani. Mapigo yakipanda au maumivu yakizidi, daktari wa upasuaji apigiwe simu saa hiyo hiyo, na asiyeweza kupasua atoe rufaa kabla mgonjwa hajazidiwa. Anayeruhusiwa apewe karatasi ya Kiswahili, yenye maandishi makubwa: maumivu yakiongezeka, ukitapika, tumbo likijaa au kukaza, ukipata homa, rudi usiku huo huo, usisubiri kuche. Na mganga mkuu wa wilaya na wa mkoa waanze kuhesabu majeruhi wa tumbo mpaka siku ya 30, watuonyeshe ni wangapi waliwahi kuruhusiwa kabla ya kurudi wakiwa mahututi. Hesabu hiyo ikitoka hadharani, mengine yatajisogeza yenyewe.

Na wewe msomaji, uliye ofisini, chuoni au kwenye foleni ya daladala pale Rwamishenye, huna haja ya kungoja mkutano wa wadau. Siku ukimpeleka mdogo wako, shemeji yako au bodaboda wako amepigwa tumboni, ukaambiwa picha iko safi, shukuru kwa adabu zote. Kisha usinyanyuke kwenye benchi. Uliza swali moja tu: "Daktari, utarudi saa ngapi kumpima tena?"

Asipokuwa na jibu, hujamaliza kazi iliyokuleta.